Taimingi ya trekta la zamani la petroli: sikio, globu au taa ya kumulika?

Wanaonikuta uani hapa Pongwe nimejikunja juu ya trekta la kijivu huniuliza swali lile lile: "Mgosi, si umwite fundi alisikilize tu?" Nilishamwita. Ndipo yalipoanzia haya yote ya taimingi, yaani kuseti wakati cheche inapopiga ndani ya injini.

Trekta lenyewe ni Ferguson TE20 la petroli, silinda nne. Matrekta haya yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni. Langu marehemu mjomba alilikuta limeegeshwa nyuma ya korona (kiwanda cha kuchakata mkonge) iliyokwisha kufa, nyigu wamejenga ndani ya bomba la ekzosi. Starta yake haina swichi kama ya gari. Unasukuma wenzo wa gia mpaka kwenye herufi S, starta inashika. Likiwa ndani ya gia haliwaki, na kwa wenye watoto uani hilo ni jambo la kushukuru. Siku hizi linavuta tela la nazi na mapipa ya maji, na msimu ukifika linalima ekari zetu chache za mihogo.

Fundi wa mjini alilegeza bolti ya distributa (kile kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi) injini ikiwa inanguruma, akaizungusha huku na huku, kichwa kakiinamisha kama anayetafuta stesheni ya redio ya mbali, mpaka mlio ukapanda ukawa mwepesi na mtamu. Akakaza. "Sikia hiyo, mzee." Kweli ilikuwa tamu. Nikamlipa, na soda juu.

Siku ya tatu, tela limejaa nazi, kwenye kile kipandio cha kutokea bondeni, injini ikaanza kulia kama kokoto ndani ya debe. Siku ya nne betri ilikuwa imelala, mpwa wangu akachukua hendeli. Ilimrudi kwa nguvu kabla hajamaliza nusu mzunguko. Kidole gumba alikuwa amekizungushia kwenye chuma, na kifundo cha mkono kikamvimba. Wiki mbili mkono ulikaa ndani ya kitambaa, na dada yangu hakunisemesha kwa muda huo huo.

Tangu hapo nimejaribu njia zote tatu kwenye injini ile ile. Nasema mapema ninakoelekea: kama una hela na muda wa njia moja tu, chukua globu. Taa ya kumulika ije baadaye, na si kwa kila mtu. Sikio ni la kuonjea chumvi, si la kupikia.

Kabla sijaendelea, wenye dizeli wapumzike. Matrekta mengi unayoyaona barabara ya Muheza ni ya dizeli, hayana plagi wala distributa. Taimingi yake iko kwenye pampu na ni kazi nyingine kabisa. Hapa nazungumzia petroli, na yale ya zamani yaliyotengenezwa kuwashwa kwa petroli kisha kuendeshwa kwa mafuta ya taa.

Kinachotafutwa

Cheche haipigi pistoni ikiwa topu hasa, yaani mwisho wa kupanda kwake. Inapiga kabla kidogo, kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui papo hapo. Unataka muda, ili msukumo mkubwa upatikane pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Moto ukiwahi mno, msukumo unaikuta pistoni bado inapanda: hendeli inarudi, injini inagonga ikibebeshwa mzigo, na ukiendelea kuvumilia, kichwa cha pistoni kinaweza kutoboka. Moto ukichelewa, injini inakuwa nzito, maji yanachemka upesi, ekzosi inaiva mpaka karibu kuwa nyekundu, na ukiachia mafuta inapiga mafataki kwenye silensa. Moto uliochelewa unakula petroli yako. Uliowahi unakula injini.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipita mbio: pengo la pointi (vile vibati viwili ndani ya distributa vinavyofungana na kuachana ili cheche ipige) linawekwa kwanza, taimingi baadaye. Kile kisigino cha pointi kinachosugua kemu (nundu za shafti zinazozifungua) kinakwisha kadiri siku zinavyokwenda, pengo linapungua, na pengo likipungua pointi huchelewa kuachana, kwa hiyo moto nao unachelewa. Ukiseti taimingi vizuri leo kisha kesho ukapanua pengo, umeharibu kazi ya jana. Moto umewahi tena. Kitabu changu kinataka inchi 0.010 hadi 0.012. Usichukue namba hiyo ukaipeleka kwenye trekta lolote: Ford 8N yenye distributa ya mbele inataka 0.015, na ile ya baadaye yenye distributa ya ubavuni inataka 0.025. Fila (kibati cha kupimia pengo) moja haivai kila mtu.

Na ushike rota (kile kinachozunguka juu ya shafti ya distributa) kwa vidole uitikise kushoto na kulia. Shafti ikicheza ndani ya bushi, pengo unalolipima limesimama si pengo utakalolipata likizunguka. Hapo njia zote tatu zitakudanganya, kila moja kwa namna yake.

Sikio

Sitaki kulidharau kabisa. Sikio halihitaji alama, halihitaji betri nzima, na limerudisha watu nyumbani usiku kutoka porini. Mtu aliyezeeka na injini moja anaijua kama mlio wa kikohozi cha mkewe.

Tatizo ni kwamba injini isiyo na mzigo inapenda moto wa mapema. Ukizungusha distributa kuelekea mapema huku injini inanguruma tupu, mwendo unapanda, mlio unakuwa mtamu, na sikio linasema hapo hapo. Lakini utamu huo ni wa trekta lililosimama chini ya mwembe. Litie plau au tela, lipeleke kilimani, silinda zinajaa vizuri zaidi, mchanganyiko unaungua haraka zaidi, na moto ule ule uliokuwa mtamu sasa umewahi kupita kiasi. Ndicho kilichonipata. Fundi hakuwa na nia mbaya wala hakuwa mvivu. Alisikiliza injini iliyosimama, akaipa ilichokuwa inakitaka saa ile.

Kuna kanuni ya wanaotumia sikio: ukishafika kwenye mlio mtamu kabisa, rudi nyuma kidogo. Kidogo kiasi gani? Kila mtu ana chake. Na kwenye injini yenye gavana kama hizi, gavana nayo inaingilia; mwendo ukitaka kupanda inabana mafuta, kwa hiyo hata kile sikio linachodhani limekisikia si chote.

Kwa hiyo sikio nalitumia mwisho, nikiwa juu ya kiti, trekta likiwa na mzigo. Si nikiwa nimesimama pembeni.

Globu

Hii ndiyo niliyoiona kwa fundi mmoja mzee kule Ngamiani aliyekuwa akitengeneza pikipiki za kizamani. Mali yote ni globu ndogo ya indiketa, soketi yake na waya mbili zenye vibano. Bei haizidi ya chai na maandazi ya watu wawili. Kitu kimoja tu cha kuangalia: trekta lako ni la volti 6 au 12? Mengi yalizaliwa ya volti 6 yakabadilishwa njiani. Globu ifanane na betri iliyopo leo, si na kitabu.

Waya mmoja unabana kwenye kichwa cha koili (inayokuza umeme wa cheche) kinachokwenda distributa, mwingine kwenye bodi, mahali pasipo na rangi wala kutu. Unawasha swichi. Pointi zikiwa zimefungana, umeme unapita kwenye pointi kwenda bodi na globu imezima. Zikiachana tu, njia ile imekatika, umeme unapita kwenye globu, inawaka. Nukta hiyo ndiyo nukta ya cheche. Matrekta mengi ya Uingereza yalifungwa betri kinyume, chanya ndiyo iko kwenye bodi. Globu haijali, inawaka kotekote.

Nilipoifanya mara ya kwanza ilikuwa baada ya alasiri, jua limeshaanza kulegea. Nilitoa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi. Nikaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi namba moja, mpwa (mkono umeshapona) akazungusha hendeli polepole. Pumzi ikasukuma kidole: maana yake namba moja inapanda kwa mgandamizo, si inatoa moshi. Kosa la kuchanganya hizo mbili ni la kawaida mno, na ukilifanya umeweka cheche mzunguko mzima mbali na inapotakiwa. Ukitaka kuhakiki, fungua kifuniko cha valvu uangalie za namba nne: zikipishana, moja inafunga na nyingine inaanza kufungua, basi namba moja iko topu ya kazi.

Alama kwenye pulii ya mbele ya injini zilikuwa zimeliwa na kutu, kwa hiyo nilitafuta topu mwenyewe. Nilichukua plagi mbovu, nikavunja kauri yake, nikafunga ndani bolti ndefu yenye ncha iliyosawazishwa kwa tupa isikwaruze pistoni. Nikaifunga kwenye namba moja. Waya wa betri nilikuwa nimeshautoa, nisije nikajisahau nikagusa starta. Ukizungusha taratibu kwa mkono upande mmoja, pistoni inagusa bolti na kusimama. Unaweka alama kwenye pulii mkabala na ncha ya waya uliyoifunga kama mshale. Unazungusha upande wa pili mpaka iguse tena, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo topu. Hakuna kukisia. Nilipima kwa utepe wa fundi cherehani, ule wa mke wangu, ambao haujarudi kuwa mweupe mpaka leo.

Kisha hesabu. Tuseme kitabu kinataka digrii 6 kabla ya topu na pulii yako ina kipenyo cha milimita 150. Mzingo wake ni milimita 471. Gawa kwa 360, kila digrii ni milimita 1.3. Digrii 6 ni karibu milimita 8. Unapima milimita 8 kutoka alama ya topu, upande ambao utaufikia mshale kabla topu haijafika, unachora mstari kwa rangi ya kucha. Injini hizi ukizitazama kwa mbele, upande wa hendeli, zinazunguka kama saa. Ukilijua hilo hutakosea upande.

Ndipo bolti ikatolewa, waya wa betri ukarudishwa, swichi ikawashwa, na mpwa akaanza tena. "Taratibu… taratibu…" Globu ilikuwa imezima. Mstari wa rangi ulikuwa unakaribia mshale, umebakiza upana wa kidole. Globu ikawaka. Mapema mno! Nikahesabu: digrii 15 na ushei. Huo ndio ulikuwa mlio mtamu wa fundi wetu.

Marekebisho ni ya kunyatia. Unairudisha injini nyuma robo mzunguko nzima, kisha unaileta mbele mpaka mstari ukutane na mshale. Usiivute nyuma kidogo tu ili ifike, kwa sababu gia na cheni zina ulegevu na lazima ulegevu huo ulale upande mmoja, ule wa kazi. Unalegeza bolti ya distributa. Kuigeuza kufuata mzunguko wa rota ni kuchelewesha moto. Kuigeuza kinyume na rota ni kuuwahisha. Rota inazunguka upande gani? Usiulize mtu, itazame hendeli ikizungushwa. Na kumbuka distributa inakwenda nusu ya mwendo wa injini: digrii 6 za pulii ni digrii 3 tu kwenye distributa. Unaisukuma kama unayegeuza kisahani cha chai mbele ya mkwe. Globu ikiwa kwenye ukingo wa kuwaka, kaza bolti, kisha zungusha injini mizunguko miwili kamili uhakiki. Mara nyingi kukaza kunasogeza, rudia.

Swichi usiiache imewashwa unapokwenda kunywa maji. Pointi zikiwa zimefungana koili inapata moto na betri inakwisha.

Faida kubwa ya globu ni kwamba inafanya kazi hata kwenye injini isiyowaka. Faida ya pili, inakusemea na mengine. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, pointi zako ni chafu au waya wa ndani umekatika. Ikiwa haiwaki kabisa, kondensa imekufa ikashorti, au pointi hazifunguki. Kwa hewa yetu ya bahari pointi hupata ukungu zikikaa wiki chache, na hata pointi mpya dukani hupakwa utando wa kuzilinda; zifute kwa kitambaa kilicholowa petroli kabla hujamlaumu mtu.

Upungufu wake mmoja ni huu: globu inaona injini iliyosimama. Kinachotokea ikienda mbio haikijui.

Taa ya kumulika

Taa ya taimingi ina kibano kinachoshika waya wa plagi namba moja, na waya mbili za betri. Kila namba moja inapopiga, taa inamweka, na pulii inayozunguka inaonekana kama imesimama. Unaona mstari wako uko wapi injini ikiwa kazini. Kuna zile za bei ndogo zisizo na waya za betri, mwanga wake mwekundu hafifu. Hizo ni za gizani tu.

Kwa nini mtu ahangaike nayo ikiwa globu imeshaseti? Kwa sababu ndani ya distributa, chini ya bamba la pointi, kuna vizito viwili na springi. Mwendo ukipanda vinafunguka na kuuwahisha moto wenyewe. Hapa pwani vizito hivyo vinashika kutu. Ukivipima kwa globu hutaona kitu. Taimingi ya kusimama iko sawasawa, lakini injini ikienda mbio moto unabaki pale pale, na trekta linakuwa zito bila sababu unayoiona. Langu lilikuwa hivyo. Nilimulika injini ikinguruma polepole, mstari ukakaa mahali pake. Nikaongeza mafuta, mstari haukusogea hata unywele. Nilipofungua, kizito kimoja kilikuwa kimegandiana na kijiti chake kama kimechomelewa. Nililoweka usiku mzima kwenye petroli na oili, asubuhi kikacheza. Nikamulika tena: mafuta yakipanda mstari unahama, yakishuka unarudi. Globu isingenionyesha hilo hata ningekaa nayo mwaka.

Kazi yake ya pili wengi hawaijui. Kwenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, namba moja na namba nne zinafika topu pamoja. Bana kibano kwenye waya wa namba moja, tazama mstari. Hamishia kwenye namba nne, tazama tena. Uwe mahali pale pale. Ukitofautiana, shafti ya distributa inacheza au nundu za kemu hazijalingana. Ukirukaruka ovyo ni bushi. Hapo unajua kwamba kuseti ni kupaka rangi nyumba yenye ufa.

Lakini hesabu gharama. Taa hizi zinataka volti 12. Kwenye trekta la volti 6 uwe na betri nyingine pembeni, nayo ndiyo unayobania waya zake, na hiyo hiyo inakuondolea kichwa kuuma kuhusu bodi chanya. Saa saba mchana hapa Tanga huoni chochote, jua linameza mwanga wote. Subiri magharibi au tandika turubai. Na mwendo uwe wa chini kabisa unaposoma namba ya kusimama, kwani ukizidi vizito vimeshaanza kufunguka na utakuwa unalinganisha na namba isiyo yake.

Na feni! Mwanga ule unaweza kuifanya feni nayo ionekane imesimama, au inazunguka taratibu kama pangaboi la baraza. Mkono unaweza kwenda wenyewe. Nimeona mtu ameinama na msuli, pindo linapepea karibu na feni. Nilizima injini kwanza, salamu baadaye. Vaa suruali, ufunge mikono ya shati.

Mawili yasiyofuata utaratibu huu

Trekta la magneto, kama Fordson Major E27N nyingi zilivyokuja, halina koili ya pembeni wala halihitaji betri kupiga cheche. Globu kwa namna niliyoeleza haifai, kwani ndani ya magneto waya wa koili uko sambamba na pointi, na hata pointi zikiachana umeme bado una njia ya kupita, kwa hiyo globu haikuonyeshi tofauti. Huko tunasikiliza "tak!". Magneto nyingi zina kishikio cha springi kinachoizuia kwa muda hendeli ikizungushwa polepole, kisha kuiachia ghafla ili cheche iwe kali na iwe ya kuchelewa kidogo, mkono usivunjike. Mlio huo ukitokea mbali na alama ya kitabu, magneto imefungwa jino pabaya. Taa ya kumulika yenye betri yake inafanya kazi vizuri kwenye magneto, ila ukiongeza mwendo kishikio kinajitoa na unaona moto ukiruka kwenda mapema mara moja, usishtuke.

Na Ford 8N za mwanzo, zenye distributa mbele nyuma ya feni: hiyo inatolewa na kusetiwa mezani. Ulimi wake wa chini haukukaa katikati, kwa hiyo haiingii kinyume hata ukitaka. Kwa mwenye hiyo, kununua taa ya kumulika kwa ajili ya kuseti ni kutupa hela. Injini ikiwa inazunguka huwezi kuigusa distributa hata hivyo. Kuanzia 1950 ikahamishwa ubavuni, na hapo yanarudi yale ya globu na taa.

Uchague ipi

Trekta lako haliwaki, umelitoa kwenye banda la kuku juzi: globu, na usifikirie kingine. Linawaka ila hendeli inakupiga au linagonga kilimani: globu tena, kwanza. Linawaka vizuri, halina fujo, ila likivuta plau linachoka kama lina njaa na globu imeshathibitisha liko sawa: hapo tafuta taa ya kumulika, ya kuazima ikiwezekana, maana utaihitaji mara mbili kwa mwaka. Kama mko watu watatu au wanne wenye injini za zamani, changeni mnunue moja. Ikae kwa yule asiyepoteza vitu.

Uko shamba mbali, betri imekufa, giza linaingia na distributa imehama baada ya kugonga kisiki: sikio, rudi nyuma kidogo kuliko unavyopenda, nenda nyumbani polepole bila mzigo. Kesho yake shika globu.

Na wale wanaochanganya mafuta ya taa na petroli ili kupunguza gharama wajue kwamba mafuta ya taa yanagonga kwa urahisi zaidi. Taimingi iliyokaa vizuri kwa petroli safi italia kokoto kwa mchanganyiko huo, na hapo si globu iliyokosea. Kinyume chake pia ni kweli: namba za vitabu hivi ziliandikwa kwa petroli dhaifu kuliko ya leo, kwa hiyo trekta lililosetiwa kwa kitabu likigonga kwa petroli nzuri, acha kugusa distributa. Tafuta kaboni kwenye silinda, maji yasiyozunguka, au mtu wa kituo cha mafuta aliyekuchanganyia.

Jaribio la mwisho nalifanya pale pale kwenye kipandio cha bondeni, tela limejaa, gia ya juu kuliko inavyostahili, mafuta nimefungulia. Nasikiliza. Likilia kokoto hata kidogo, nashuka, nachelewesha digrii mbili, napanda tena. Likinyamaza na kuvuta, napiga mstari mmoja kwa msumari, nusu kwenye distributa na nusu kwenye injini, ili yeyote akiisogeza nijue. Tone la grisi kwenye kemu kwa ajili ya kile kisigino, na kila baada ya miezi michache fila inaingia tena kwenye pointi.

Mpwa wangu amerudi kwenye hendeli. Anaivuta juu, haisukumi chini, na kidole gumba anakilaza upande mmoja na wenzake wanne.